Mita Inarudi Nyuma

Jumamosi, 1 Machi

Maji yametoka! Sikuamini mpaka nilipoweka kiganja chini ya bomba la uani. Meupe kidogo kwa dawa, yana harufu ya hospitali. Majirani wamejazana kwenye jiwe la mpaka kama harusini. Upande ule wa jiwe ni mji, wana bomba tangu hatujazaliwa. Upande huu ni sisi, watu wa visima na madumu. Leo bomba limevuka jiwe.

Mume wangu, mwenyekiti wa kamati yetu ya maji, kahutubia mpaka sauti ikakauka. Kuanzia leo nitamwita Mwenyekiti, maana nikimwita kwa jina haitiki. Makofi amepigiwa, na ameyastahili. Miaka yote hiyo anakwenda baraza la mji na kurudi na “njoo kesho”.

Halafu afisa wa maji akasoma masharti. Sisi hatumo ndani ya mji, tumepewa kwa hisani. Kwa hiyo kila mwenye kisima akate bomba la kisima, lisigusane kabisa na la mji. Ikionekana hata nyumba moja imechanganya, wanafunga pale pale kwenye jiwe – nyumba zote. Mwenyekiti akawa wa kwanza kunyoosha mkono na kuapa kwa niaba yetu sote.

Sasa kinachonikosesha raha. Asubuhi nilimwona Spana, fundi wetu wa bomba, amechuchumaa nyuma ya jiko. Kisima chetu kina pampu, pampu inapandisha maji kwenye tangi la juu, tangi linateremsha nyumbani. Alitakiwa akate hapo. Hakukata. Ameliunganisha bomba la tangi na bomba la mji, katikati kaweka koki. Eti ndivyo mama mkubwa alivyotaka.

Mama mkubwa ni mama mkwe. Haamini maji ambayo haoni yanakotoka. Mji ukikata, yeye anafungua koki, maisha yanaendelea.

Nilimuuliza Mwenyekiti, na kiapo je? Akasema koki iliyofungwa si kuchanganya. Akacheka.

Jumanne, 4 Machi

Mama Pacha ameshinda kwangu. Nilikuwa nashona mapazia ya mwalimu mkuu, kitambaa kizito, cherehani inalalamika. Mama Pacha ni jirani yetu wa chini, nyumba ya mwisho kwenye mteremko. Bomba likitoka kwetu linakwenda kwake, basi, limekwisha. Pacha wake mmoja namwita Bonge, mwingine Njiti. Mama yao ameshanizoea, hakasiriki. Wameanza kutembea, wamenivutia nyuzi zote chini. Bonge alijifunga utepe wa kupimia shingoni akawa anajipigia makofi mwenyewe.

Anasema ameacha kuchemsha maji. Mkaa umekuwa dhahabu. Na Mwenyekiti alisema mkutanoni kwamba haya yana dawa, mtu anakinga bombani anakunywa.

“Wewe bado unachemsha, dada?”

Nikamwambia mazoea tu. Nikauma uzi, nikabadilisha mazungumzo.

Jumatano, 12 Machi

Mgao umeanza. Upande wetu hakuna maji Jumatano na Jumapili. Watu wamenuna. Mama mkwe hakununa. Kabla hata ya chai amekwenda nyuma ya jiko, kafungua koki yake, bomba la uani likatoka kama kawaida. Wapangaji wetu wakamsifu Mwenyekiti kwamba nyumba yake ina baraka.

Saa za mchana nimetoka kumwaga taka nikapita kwenye mita. Kigurudumu kinazunguka. Nikasema ala, na mji si umekata? Nikainama. Kinazunguka kinyume. Namba zinashuka.

Nimemwita Mwenyekiti. Amecheka mpaka akashika kiuno. Eti mita inatupenda, mwezi huu mji ndio utatulipa sisi. Halafu akanitazama, akasema nisiende kuwaambia watu.

Nimerudi kushona, nikatoboa kidole. Maji yakienda mbele yanaingia kwetu, hilo najua. Yakirudi nyuma yanakwenda wapi?

Alhamisi, 13 Machi

Nimemkuta Spana dukani ananunua gundi ya bomba. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

“Yanafuata mteremko, shemeji,” akasema. Mji ukikata, bomba kuu linabaki tupu. Tangi letu liko juu. Koki ikiwa wazi, maji ya tangi yanateremka, yanapita kwenye mita yetu kinyumenyume, yanaingia bomba kuu, yanashuka. Mpaka wapi? Mpaka nyumba ya mwisho. Akaongeza kwamba si neno, maji ni maji.

Si maji. Kisima kile hakiko tena kama zamani. Mwenyekiti aliposikia bomba linakuja alijenga vyumba vya kupangisha upande wa juu wa kiwanja, na choo chao akakichimba hapo hapo, upande wa juu wa kisima, uchafu unapenya kushuka. Nilisema wakati ule. Nikaambiwa nishughulike na vitambaa vyangu. Wiki iliyopita niliroweka kitambaa cheupe kwa maji ya kisima, kikatoka na harufu nikakifua mara mbili. Sisi yanatupita kwa sababu kila tunachokunywa kimechemka.

Mama Pacha hachemshi.

Nimekosa hata hamu ya kula. Mwenyekiti kaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 14 Machi

Pacha wanaharisha. Wote wawili, tangu jana. Mama yao anasema meno yanaota. Nimesema ndiyo, meno hayo.

Nimesema ndiyo! Mdomo wangu huu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepiga moyo konde nikamwambia Mwenyekiti yote. Mita, mteremko, choo, pacha. Alikuwa anapiga pasi shati la kikao. Hakuinua uso mpaka nilipomaliza.

Akauliza nataka akaseme nini. Kwamba aliyeapa mbele ya watu ndiye aliyechanganya? Watafunga jiweni. Nyumba zote zirudi kwenye madumu, wazee, wajawazito, wote, kwa sababu ya tumbo la mtoto? Watoto huharisha. Hata yeye aliharisha akawa mtu mzima na mwenyekiti.

Nikasema basi tukate bomba kimyakimya, hakuna atakayejua. Akasema wapangaji amewaahidi maji kila siku, ndiyo maana wamekubali kuhamia huku porini.

Halafu akashusha sauti. “Na mimi watanifanya nini, umefikiria?”

Akapitisha pasi kwenye kola ile ile mara ya nne. Mume wangu huyu nimemzoea akifoka. Angefoka ningelala. Sasa naona na yeye anaogopa, na kama yeye anaogopa basi hakuna mtu mzima humu ndani wa kunishika mkono.

Jumatatu, 17 Machi

Jana ilikuwa siku ya mgao. Alfajiri nikaifunga koki kwa nguvu zangu zote, nikachomoa mpini, nikauficha kwenye mfuko wa vipande vya vitambaa. Nikajipa moyo. Nikaenda zangu kupeleka mapazia.

Nimerudi, bomba la uani linatiririka. Mama mkwe amefungua kwa koleo. Umri ule!

Nimejaribu kumweleza, kwa adabu, nimekaa chini kabisa. Mama, choo cha wapangaji kiko juu ya kisima. Akasema choo ni cha mwanawe na kisima ni cha mwanawe, watagombana kwa lipi? Nikasema Mama, watoto wa jirani wanaumwa. Akaweka kikombe chini. “Mwanangu, kisima hiki kimemlea mume wako. Hebu nitazame. Nimekufa?”

Hajafa. Anakunywa chai ya moto kuanzia asubuhi hadi jioni, atakufaje.

Jioni nimechemsha sufuria kubwa, nikajaza dumu, nikampelekea Mama Pacha. Nyumba inanuka ugonjwa. Njiti amekaa, analia bila machozi. Bonge hakulia. Amelala ubavu, macho nusu. Nimemshika mguu, nyama imelegea kama soksi.

Nikasema chemsha maji, mdogo wangu, usiwape hivi hivi. Akasema lakini si yana dawa, na Mwenyekiti… Nikasema chemsha tu. Nadhani nilisema kwa ukali. Akalitazama dumu, akanitazama mimi.

“Dada, kuna kitu unajua?”

Nikasema hakuna. Nikasema bibi yangu alikuwa akituchemshia. Nilihisi kama nimeuvaa uwongo ule mbele yake, naye ameuona mshono.

Jumanne, 18 Machi

Bonge amelazwa. Wamemtundikia dripu. Mshipa wa mkono haukuonekana, wametoboa kichwani. Baba yao yuko safari za malori, simu haipatikani.

Nimeombwa nimtazame Njiti. Nimekaa naye siku nzima nikimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Ananishika kidole, anamwamini kila mtu. Naogopa kumwangalia.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya mgao tena. Nimeibeba cherehani nikaiweka nyuma ya jiko, nikakaa mbele ya koki. Nashona sketi, mgongo umeegemea bomba. Njiti nimemlaza kwenye mkeka pembeni. Mama mkwe kaja na koleo lake, kanikuta, karudi. Kaja tena. Wapangaji wakaanza kugonga ndoo.

Saa sita akaja Mwenyekiti. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alisimama pale na shati lake la kikao, akasema taratibu, “Ondoka, mke wangu. Watu wanataka maji.”

Nimeondoka.

Naandika hapa ili nijue: hakunisukuma, hakunitisha. Nimebeba cherehani yangu na mtoto wa watu nikaondoka. Nilipopita kwenye mita ilikuwa imeshaanza.

Alhamisi, 20 Machi

Hospitali imetoa taarifa mjini. Kesho anakuja mkaguzi, nyumba hadi nyumba. Habari imefika kwa Mwenyekiti kwanza, kama kawaida ya habari.

Spana kaja mbio. Kakata bomba la tangi, kaziba kwa kifuniko, koki kaifukia, juu wameweka kuni. Nimesimama mlangoni nikitazama na unajua nilihisi nini? Raha. Limekatwa! Hata kama ni kwa woga, limekatwa. Nikaenda chumbani nikalia, nikanawa, nikapika.

Mama Pacha karudi kidogo kumchukua Njiti. Bonge yuko vile vile.

Ijumaa, 21 Machi

Niandike.

Mkaguzi ni mwanamke kijana, buti, kisanduku cha chupa. Anakinga maji, anatia kidonge. Yakigeuka pinki yana dawa ya mji, ni salama. Yakibaki meupe hayana. Kwetu akakinga: pinki kama juisi. Akauliza kisima kiko wapi, Mwenyekiti akamwonyesha bomba lililokatwa, safi, na kifuniko chake. Akamsifu. Akasema angetamani wenyeviti wote wawe hivi. Watu walikuwa wanafuata nyuma, nyumba kwa nyumba, umati.

Nyumba ya mwisho. Bomba la Mama Pacha: pinki. Halafu akauliza maji ya kunywa yako wapi. Mama Pacha akaonyesha pipa jikoni. Mkaguzi akachota, akatia kidonge. Meupe. Akatia kingine. Meupe.

Akamuuliza maji haya ameyajaza lini. Mama Pacha akasema Jumatano, alipitia nyumbani mara moja kutoka hospitali, akajaza.

“Umejazia wapi?”

“Bombani kwangu.”

Mkaguzi akasema Jumatano mji ulikuwa umefungwa. Mama Pacha akasema lakini yalitoka. Mkaguzi akasema, “Mama, usinidanganye. Yangetoka wapi?”

Akaapa. Aliapa kwa watoto wake. Yalitoka, kwa shida, lakini yalitoka, hata Jumatano iliyopita yalitoka, na Jumapili. Watu wakaanza kuguna. Mtu mmoja akasema atatuponza sote huyu, amekwenda kuchota mtoni anasingizia bomba. Mwingine akasema ndiyo sababu watoto wanaumwa, uchafu wa mama. Walisema hivyo mbele yake.

Akageuza macho akanitafuta. Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, naweza kusema hata rangi ya kanga aliyojifunga. Alikuwa ananitafuta mimi kwa sababu ya lile dumu la maji yaliyochemshwa, najua. Alingoja.

Nikatazama buti za mkaguzi.

Wamemfungia bomba. Mpaka ajieleze mbele ya kamati aseme ukweli maji ameyatoa wapi. Mbele ya kamati! Yaani mbele ya mume wangu. Na mume wangu, Mwenyekiti, akamwekea mkono begani na kumwambia asijali, wakati huu wote atachota kwetu, bila kulipa chochote. Watu wakasema huyo ndiye mwenyekiti.

Usiku sijui nitalala upande gani wa kitanda.

Jumapili, 23 Machi

Jana Spana alirudi. Niliposikia nyundo nyuma ya jiko nilidhani mtu anapasua kuni. Amefukua, ameunganisha, koki ile ile. Mwenyekiti anasema mkaguzi hatarudi tena mwaka huu, na wapangaji wawili walitishia kuhama. Nilimwambia, na Mama Pacha anayechota kwetu? Akasema atamwambia achote siku ambazo si za mgao. Nikamuuliza umemwambia? Akasema atamwambia.

Leo ni mgao. Mama mkwe amefungua tangu alfajiri.

Niko chumbani kwenye cherehani, dirisha linaangalia uani. Mama Pacha ameingia sasa hivi na ndoo mbili. Amekonda, lakini anatabasamu. Ameniambia kupitia dirishani kwamba Bonge ametolewa asubuhi hii. Amekula uji, amecheka, ametupa kijiko. Daktari amemwonya kwamba mwili bado dhaifu sana, tumbo likimrudia tena hatahimili, kwa hiyo maji safi tu. Akasema, “Nikamjibu daktari asiwe na wasiwasi, nachota kwa Mwenyekiti, yamepimwa.”

Amesahau kwamba leo ni siku ya kukatwa. Siku zote hizi alikuwa hospitali, na bomba lake limefungwa, atahesabu mgao wa nini.

Nimemwambia achemshe. Amecheka kidogo, akasema mkaa umekwisha, atanunua kesho baba yao akituma.

Mwenyekiti amekaa barazani na gazeti. Hajageuza ukurasa tangu aingie. Anasikia kila kitu. Anasubiri niseme mimi, au anasubiri nisiseme, sijui. Mama mkwe anapembua mchele.

Nikisema sasa, kwa sauti, wapangaji watasikia. Kabla ya jioni jiweni pamefungwa, na mimi sina ndoa, na nyumba zote zinajua nilijua tangu lini. Nikimwita pembeni nikamnong'oneza, atauliza kwa nini nilitazama chini Ijumaa. Nikimwaga ndoo kama bahati mbaya, atakinga nyingine.

Ndoo ya kwanza imejaa. Anakinga ya pili. Kutoka hapa maji yanaonekana mazuri tu.

Imejaa. Amefunga bomba. Anakunja kanga kuwa kata, anaiweka kichwani. Ananiita, “Dada, njoo unitwishe, nimewaacha watoto peke yao.”

Nimeitikia, naja.

Bado nimekaa, naandika. Ameita mara ya pili.